Mufereji Mu Chumba Yako

Mama,

Tulikupoteza mu mwezi wa kumi, mvua ya kwanza haijanyesha bado. Nyuma ya kilio yako tukapoteza na ukingo yote ya mutoni. Ile ya pili inanichoma roho mpaka leo, juu haikuwa mapenzi ya Mungu. Ilikuwa panga.

Siku ile nilikuwa ku morgue, mu nyumba ya maiti, nakuvalisha. Bantu bakatafuta miti ya kusimamisha bâche, turubai ya kilio. Mujomba Ilunga, mudogo yako, akabapeleka ku mabambu yenye kushika ukingo. Yako, Mama! Yenye ulipanda na bamama ba hapa Kisiwa, kila Jumamosi ya salongo, kazi ya mutaa yote, miaka sita, matope mpaka mu magoti. Bakakata. Na bishina bakang'oa, bakapikia bukari, ugali ya balizi. Balikulilia chini ya kivuli ya kazi yako, hakuna hata mumoja aliona.

Miye nilikuwa nakuja na viatu vya ku Golf, kwa batajiri, unanichokoza: "Vua ile, patronne, bosi yangu, matope haiogope mali!" Kisha salongo ikiisha, ulikuwa unaninawisha miguu mu basani, miye mwenye kuwa na kamyo zangu mbili ku barabara ya Mokambo, kama mutoto wa miaka mitatu. Nilikuwa naona haya. Sasa…

Unajua vile quartier yetu iko: mutoni mbele, mukono yake nyuma, mvua ikinyesha hatuna kwa kupita. Njo maana banaiita Kisiwa. Mwaka huu ukingo ilimenguka kama mukate mu chai. Nyumba ine zilienda. Mama Kapinga, jirani yako, alivuka na godoro ku kichwa, anacheka na machozi: "Ngalula, mama yako njo alikuwa ukuta yetu!"

Sasa mayi inaelekea ku nyumba kumi na saba za chini. Nilipima muteremuko na kamba na chupa ya mayi, vile ulinifundisha. Nikarudilia hesabu mara tatu, natafuta kosa. Hakuna. Mufereji ya kuigeuza iko na njia moja tu: mu chumba yako.

Bamama beko tayari. Mujomba njo anakataa: "Nyumba ya marehemu haibomolewe mbele ya kutosha kilio!" Kutosha kilio, kumaliza matanga, ni mwaka muzima, na mvua haivae nyeusi. Nikamuuliza kama mabambu ya marehemu yenyewe inakatwa. Akaangalia viatu vyake. Kisha akasema atakubali kama weye mwenyewe unakuja kumuambia mu ndoto. Bantu banamuogopa. Bila neno yake, hakuna mwenye atagusa tofali.

Mama, sitaki nyumba yako ianguke. Harufu yako iko mule bado, ku ukuta ya kitanda. Lakini matofali yako nitayatandika mwenyewe chini ya mufereji, mayi isikule udongo, na mabambu nitapanda tena, huku na huku. Nimeahidi bamama, nakuahidi na weye. Nitavua viatu.

Lala muzuri, mama yangu. Lakini mbele ya kulala, usije kwangu, nitaamka nalia tu. Enda kwa mudogo yako. Umuambie ndiyo ao hapana, asielewe mubaya. Salongo ni Jumamosi, saa moja ya asubuhi. Enda mbele Jumamosi ifike, Mama.

Ngalula