Kamba za Uwanjani na Miguu Yangu

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko uliko, na ule mgongo unaendeleaje? Sisi tu wazima na mama anakula vizuri. Ila mimi kichwa kimevurugika, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Juzi tajiri wetu wa karakana ya vioo alitupeleka uwanjani, eti tukajifunze kushirikiana. Kuna kamba zimefungwa kati ya nguzo, hazifiki hata magotini. Mmoja anapita juu, wenzake wanamfuata magoti yamekunjwa, mikono mbele. Akiyumba, mwalimu wa pale alisema, msogelee, umkinge kichwa na mgongo. Nikajiambia, kazi ndogo hii!

Akapanda Chiriku, mdogo wetu, anapiga domo kama kawaida yake. Mimi nyuma yake. Akateleza. Dada, sote tuliruka nyuma! Si ndivyo tulivyofundishwa kazini? Kioo kikiponyoka unakikimbia, hukidaki. Akaanguka chini pu, akateguka kifundo cha mkono. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana ulipoondoka uliniambia huyu mtoto nimwangalie.

Jioni nikajizoeza uani kusogea mbele, mbele, mbele. Mama akaniuliza kama nimepandwa na wazimu.

Basi jana kazini kioo cha dirisha kikaponyoka mezani. Miguu hii hii ikaenda mbele, mikono imetangulia! Chiriku, aliyekuja kukaa tu na bandeji yake, akanidaka ukosi kwa mkono mzima akanivuta. Kioo kikapasukia pale pale nilipokuwa nimesimama.

"Kaka, huku tunakimbia! Kule ndiko tunakokinga!"

Akacheka, halafu akalia. Mimi sikujua nimfuate kwenye kipi.

Sasa anasema mkono ukipona anarudi kwenye kamba, na nyuma yake hataki mwingine ila mimi. Hivi ana akili timamu huyu? Ananiamini vipi mtu niliyemkimbia mchana kweupe? Nimemkubalia, dada. Miguu ndiyo sijaiuliza.

Msalimie sana shemeji na wajomba zangu wadogo. Mama anakuombea kila asubuhi. Chiriku naye anakusalimu, na amenikataza kabisa kukuambia habari ya mkono. Mungu awafunike nyote huko.

Ni mimi akupendaye daima,
mdogo wako, wa vioo.