Soksi ya Babu Kwenye Ekzosi

Tarehe 4 Juni

Kwako mjukuu wangu, mpiga kelele wa ukoo,

Salamu zikufikie hapo ulipo, na zikukute umenawa mikono. Huku sisi wazima, ila goti langu la kushoto limegoma kupanda ngazi. Bibi yako anasema halijagoma, limeiga uvivu wa mwenyewe. Wewe hujambo? Na hilo lichuma lako, halijambo?

Barua yako nimeisoma mara mbili: kwanza kwa miwani yangu, halafu kwa miwani ya bibi yako, maana sikuamini. Mtu mzima, fundi magari, unataka kufukuzwa uani kwa sababu ya mlio! Nimeelewa hivi, nisahihishe. Ukiwasha gari lako la mashindano, vichanga vyote vya kliniki ya jirani vinaamka kwa pamoja. Mkunga wao amekushtaki kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye amesema likinguruma tena ndani ya geti lake, banda lako la kazi umelikosa. Mashindano ni mwisho wa mwezi. Hutaki sailensa ya kudumu kwa sababu italinyonga gari, unasema. Unataka kimya cha kuazima: linyamaze getini, lilie uwanjani.

Sasa hilo nalo jambo? Nimepiga tarumbeta kwenye harusi na mazishi tangu mama yako hajaota meno, na aliyeniweza ni bibi yako peke yake, tena kwa soksi. Aliishindilia kwenye mdomo wa tarumbeta, nyumba ikatulia mpaka tukasikia panya wakigombana. Soksi yenyewe nimeifunga ndani ya kifurushi hiki. Ni ya sufu, nene, na imefuliwa, kidogo. Izibie ekzosi, washa, kisha unishukuru.

Ni mimi babu yako, mwenye akili nyingi na meno machache.

Tarehe 12 Juni

Babu yangu mpendwa, adui wa amani,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mpe bibi shikamoo yake, usiipokee kwa niaba yake. Mimi mzima wa mwili. Heshima ndiyo imekufa.

Niliishindilia soksi yako kwa mpini wa nyundo. Nikawasha. Gari likakohoa, likatetemeka, likazima. Mwenye busara angeishia hapo, lakini mimi nina damu yako. Nikawasha tena, nikapiga resi. Babu, soksi ilitoka kama risasi! Iliruka ukuta inafuka moshi, ikatua kwenye beseni ambamo mkunga alikuwa anasuuza nepi.

Alikuja nayo ameibana kwa koleo.

"Dada, hii yako?"

"Ya babu yangu."

"Basi mwambie babu yako ana mguu mkubwa na akili ndogo."

Mwenye nyumba alitaka niondoke palepale. Cha ajabu, mkunga ndiye aliyemzuia. "Mwache mpaka asubuhi ya mashindano yake," alisema. "Nitasimama getini mwenyewe. Mtoto mmoja tu akiamka, aende zake na lichuma lake."

Kwa hiyo nina nafasi moja. Babu, gari hili nimeliunda kutoka kwenye skrepa, bolti kwa bolti, na sina pengine pa kuliweka. Nikilikosa banda nitaliuza gari vipande vipande. Nisaidie, ila usinitumie nguo nyingine.

Mjukuu wako, mwenye aibu.

Tarehe 17 Juni

Mjukuu wangu, mrusha soksi,

Salamu tena. Tuko salama, mbavu tu zinatuuma. Nilimsomea bibi yako habari za beseni, akacheka mpaka akakaa chini, na kumnyanyua ilikuwa kazi ya watu wawili nami nilikuwa mmoja. Kisha akafuta machozi akaniuliza, "Na uliwahi kupiga wimbo gani soksi ikiwa ndani?"

Nikakumbuka. Hakuna! Soksi hainyamazishi, inaua. Nilipotaka kufanya mazoezi bila kupigwa mwiko nilijitengenezea kizibo cha kopo la maziwa. Kinakaa mdomoni mwa tarumbeta lakini hakizibi kabisa, pembeni kinaacha njia. Pumzi ipite, kelele ibaki. Hiyo ndiyo siri nzima, nimekupa bure.

Gari lako nalo ni tarumbeta, ila linapulizwa na petroli. Chukua bomba jembamba liingie ndani ya lile nene. Lijaze matundu. Lizungushie zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, moshi upite katikati, mlio upotelee kwenye nyuzi kama mgeni kwenye nyumba yenye milango mingi. Namna ya kulikaza sijui. Mimi najua midomo, wewe unajua chuma.

Mkunga ameolewa? Nauliza tu. Bibi yako naye anauliza kwa nini nauliza.

Babu yako, mwenye mguu mkubwa.

Tarehe 25 Juni

Shikamoo babu,

Natumaini bibi amekusamehe kuhusu mkunga. Mimi mzima, vidole vimeungua kidogo.

Kizibo kipo! Nilitoboa bomba jembamba kwa drili mpaka likawa kama chujio, nikalivika nyuzi za sufuria. Kwa kuwa siwezi kuwasha uani, nililisukuma gari mpaka kwenye machimbo ya mawe. Jaribio la kwanza nyuzi zote zilitimka, zikaning'inia kwenye kichaka kama ndevu zako. La pili nilizifunga kwa wavu wa waya, nikachomelea pete mbele ya bomba, na kizibo chote nikakikaza kwa bolti moja kupitia ukuta wa ekzosi. Spana moja, kinaingia. Spana moja, kinatoka.

Babu, linasema "mmmm" tu, kama mzee aliyeonjeshwa kitu kitamu. Nguvu zinapungua, lakini za kutoka getini zinatosha. Jumapili ndiyo siku. Niombeeni.

Mjukuu wako.

Tarehe 7 Julai

Wewe mtoto,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila kimya chako kinatuua. Jumapili imekuja ikapita. Nilikufundisha kunyamazisha gari, nani aliyekufundisha kujinyamazisha mwenyewe? Bibi yako ameweka maji ya chai mara mbili akasahau majani. Kama umefukuzwa, sema. Kuna nafasi hapa kati ya banda la kuni na choo. Lete gari, lete na spana.

Babu yako, anayejifanya hana wasiwasi.

Tarehe 10 Julai

Babu yangu, fundi mkuu,

Shikamoo mara kumi! Mimi mzima kuliko siku zote. Nisamehe, mkono ulikuwa umevimba kwa kupongezwa.

Jumapili asubuhi mkunga alisimama getini, mikono kiunoni, sikio ameligeuzia dirisha la wodi. Mwenye nyumba kwenye kiti chake. Nikawasha. Mmmm. Nikapita taratibu. Hakulia hata mmoja! Mkunga akafungua mlango wa abiria, akaingia. "Zamu yangu imeisha," akasema. "Nataka kukiona hicho kinachonikosesha usingizi."

Kwa furaha, babu, nikafanya kosa la mjukuu wako. Niliingia kwenye mchujo na kizibo ndani! Kwa mara ya kwanza maishani nikayasikia magari ya wenzangu, tena yote yakiwa mbele. Nilipenya fainali kwa kucha, nikajua pistoni zimekufa. Nikafungua boneti nakaribia kulia. Mkunga akaja anasukuma watu.

"Unatafuta nini huko mbele? Mbona linaguna vilevile kama getini? Toa kile kidude!"

Nikakimbilia spana.

"Toa! Mtoto asiyelia hana pumzi. Kwetu asipolia tunamchapa kofi!"

Nikafungua bolti, nikakichomoa kwa koleo kikiwa chekundu. Mkunga akalipiga gari kofi la matakoni. Nikawasha, na babu, lililia! Uwanja ulitetemeka. Katika mzunguko wa mwisho nilikuwa wa pili, nikamsikia juu ya injini zote: "Sukuma! Sukuma! Usipumzike, sukuma!" Jukwaa zima likaitikia. Nikasukuma. Nimekuwa wa kwanza!

Tulirudi na kizibo ndani na kombe mapajani mwa mkunga. Mwenye nyumba alikuwa amesinzia palepale getini, tukampita hakushtuka. Banda nimebaki nalo. Tunakuja kwenu, mimi na yeye.

Mjukuu wako, bingwa.

Tarehe 23 Julai

Bingwa wetu,

Salamu, na pole na safari ya kurudi. Huku wazima, isipokuwa majirani.

Tangu mwondoke nasimulia jambo moja. Nimekaa barazani nanyoa ndevu, nikainua macho, gari jekundu limesimama mbele yangu bila mlio wowote. Nikasema basi, masikio yamenitangulia kaburini. Nikamwita bibi yako: "Sema kitu!" Akasema, "Mjinga." Nikajua nasikia.

Halafu ukachomoa kile kizibo. Eee, mwanangu! Wembe ulinitoka, kuku wa jirani wakapanda paa, na goti langu lililogoma likapanda ngazi mpaka darini kuleta tarumbeta kabla sijaliomba. Ulipopiga resi nikajibu, nikajibu tena, wewe na mimi, mpaka mkunga akasema hajapata kuzalisha mapacha wenye kelele namna ile. Mdomo ulikauka, meno hayapo, lakini nilipiga. Miaka mingapi sikupiga!

Sasa napiga kila asubuhi. Jana niliamka na wimbo wako wa ushindi, nimeutunga mwenyewe, nikavuta pumzi, nikapuliza mpaka macho yakatoka. Kimya. Nikachungulia ndani.

Soksi. Bibi yako ametia ile ya pili, mjane wa marehemu.

Kile changu cha kopo kilishaliwa na kutu, nitumie kizibo chako haraka.

Babu yako, babu wa bingwa.