Mti Unaokataa Majivu

Bariadi, 12 Novemba 1995

Mjukuu wangu Mayige,

Mwangaluka. Kifua chako je? Mimi mzima, goti la kushoto tu ndilo kaidi.

Joakim wa treni kaleta kopo lako kutoka stesheni ya Malampaka. Nikafungua nikidhani sukari. Mti! Walipokupunguza kazi kwenye kiwanda cha pamba, wanunuzi binafsi walipoingia, nilikuambia usirudi hapa mpaka upate kazi ya kiume. Wewe ukaenda Lushoto kumwagilia maua ya masista. Maua yanaliwa? Jirani yangu Lukresia akiuliza, namwambia uko misitu ya serikali. Usiniumbue.

Jina lake, rododendroni, linanivunja ulimi. Namwita Roda. Nimemchimbia shimo refu, samadi madebe mawili, na majivu ya jikoni mchwa wasimguse. Kupanda nilijua kabla mama yako hajazaliwa.

Bibi yako

Lushoto, 3 Desemba 1995

Bibi, shikamoo.

Goti ulikande kwa maji ya moto. Kifua kimepona, baridi nimeizoea.

Bibi, mng'oe! Roda anataka udongo wenye uchachu, na majivu yanaumaliza. Mizizi yake ni ya juujuu, myembamba kama nywele; ukiifukia sana inakosa hewa. Mweke kwenye chungu kikubwa, mchanga na majani yaliyooza, kivulini. Maji ya kisima chetu yana chokaa, mpe ya mvua tu. Mbuzi wasimguse, majani yake ni sumu.

Masista walimsia kwa mbegu zamani, hajachanua bado. Rangi hakuna aijuaye: mwekundu, wa waridi, au mweupe. Natamani kuwepo siku hiyo. Lakini ulisema nisirudi.

Mjukuu wako, Mayige

Bariadi, 20 Januari 1996

Mayige,

Umzima? Nami mzima. Nani kakufundisha kumwamrisha bibi yako kama bwana shamba? Roda hajambo kabisa. Usiulize tena.

Bibi yako

Lushoto, 15 Agosti 1996

Bibi, shikamoo.

Goti je? Hii barua ya tatu hujibu. Kama Roda amekufa sema tu, sitakucheka. Nitatuma mwingine.

Mjukuu wako

Bariadi, 8 Machi 1998

Mjukuu wangu,

Mwangaluka. Goti bado. Hajafa mtu, wala mti.

Nilikudanganya. Siku ile barua yako inafika Roda alikuwa wa njano, majani yanapukutika. Nikanuna wiki nzima, kisha nikamng'oa, nikamwosha mizizi, nikampanda kwenye mtungi wa pombe wa babu yako, ule niliowanyima ukoo mzima. Nimeutoboa kitako kwa msumari. Babu atanisamehe.

Mwaka mzima alibaki na majani manne. Ningekuandikia nini? Mbuzi wa Lukresia akaiba moja, akatoa povu siku mbili. Sasa Lukresia akipita hapa anampigia Roda shikamoo.

Mvua hizi za El Niño zimebomoa choo, zimekata reli, ila Roda amekunywa akashiba. Ana tumba moja, kubwa kama kichwa cha kifaranga. Lukresia akauliza, "Nani kakufundisha haya?"

"Mjukuu wangu Mayige. Anatunza bustani Lushoto."

"Si ulisema misitu ya serikali?"

"Nilisema uongo. Una lingine?"

Lile neno la kutorudi nimelifuta. Joakim anasema treni imeanza kupita. Jana tumba limepasuka kidogo nchani, na rangi nimeiona.

Sikuandikii. Njoo uone mwenyewe.

Bibi yako