Trekta Linalokataa Rangi

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie, na unisamehe kama barua hii haifai kwenye safu yako, maana najua wengi wanakuandikia kuhusu wachumba na mawifi, lakini shida yangu mimi ni trekta.

Mume wangu alifariki wakati wa mavuno yaliyopita. Alikuwa na trekta lake jekundu la zamani, watu wa huku walilipa jina la Mzee Kikohozi kwa jinsi linavyowaka asubuhi, na hakuwa akipanda bila kugonga boneti na kusema hodi, nami nikiwa jikoni nikiisikia hodi hiyo najua chai imeshanywewa. Jioni akirudi, hata mikono hajanawa, anachukua kitambaa chake alichokikata kwenye shati kuukuu la mistari, kifungo kimoja bado kipo, anakichovya kwenye dizeli na kulipangusa trekta mpaka ling'ae. Nilikuwa namtania, "Mbona mimi hunipangusi?" naye ananijibu, "Wewe hushiki kutu." Tangu aondoke kazi hiyo naifanya mimi kila jioni, nisipoifanya usingizi hauji.

Sasa binti yangu mkubwa anataka kulima na trekta hilo mvua zikianza. Baba yake alimfundisha mwenyewe, na analijua vizuri. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hakupenda, akasema trekta limechoka, hata rangi halina, wapewe wanunuzi wa chuma chakavu. Nikasema basi nitalipaka rangi, tukakubaliana kwamba likipendeza litabaki, lisipopendeza liende, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Nilipiga msasa, nikaosha, likakauka, nikalipangusa vizuri kwa kile kitambaa chake ili lisibaki na vumbi, nikapaka rangi ya mafuta kwa brashi, nyekundu ileile. Rangi ikakimbia. Sijui niseme vipi, ilijitenga kama maji juu ya jani la mgomba, ikaacha vijicho vya duara, na kila kijicho kinanitazama. Nikakwangua, nikapangusa tena, nikapaka tena, vijicho vikarudi. Safari iliyofuata nikasema nitavifukia, nikapaka nzito, juani, na nilipoona juu pamekauka nikaongeza nyingine, jioni nikaikuta imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka, na ukibonyeza kwa kidole, chini bado mbichi.

Shemeji akaja, akalizunguka trekta mikono nyuma, akasema, "Shemeji, mwenyewe amekataa. Hataki mtoto wa kike akalie kiti chake."

Binti yangu akamjibu, "Baba mdogo, baba angekataa angesema akiwa hai, hakuwa mtu wa kumeza maneno."

Shemeji akaenda zake akicheka. Tangu siku hiyo binti hagusi usukani, nami nikiweka mkono kwenye boneti naona kama naomba radhi na kosa silijui. Je, Shangazi, nimemuudhi mume wangu? Niache liuzwe?

Mke wa mwenye Mzee Kikohozi

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Pole ya kwanza ni ya mume, na hiyo haina haraka. Pole ya pili ni ya rangi, na hiyo ina dawa, kwa hiyo tuanze nayo.

Jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Ulipiga msasa vizuri, ukaosha vizuri, halafu ukachukua kitambaa kilicholewa dizeli miaka na miaka ukalipaka trekta mafuta upya. Rangi haishiki penye mafuta. Vile vijicho si macho ya mtu, mwanangu, ni dizeli. Na kila ulipotaka kurekebisha, ulianza kwa kupangusa tena. Marehemu hajakataa chochote. Ni wewe uliyekuwa ukimpenda mahali pasipofaa, nami ni nani nikugombeze kwa hilo?

Nitakugombeza kwa ile rangi nzito. Kijicho hakifukiwi. Na rangi ya mafuta ukiipaka nene juani, ngozi ya juu inakauka huku ya chini inaogelea. Ukiongeza nyingine, lazima ikunjamane. Ulikuwa na hasira na haraka, na brashi haifichi siri.

Sasa fanya hivi. Ile iliyokunjamana kwangua yote, usiionee huruma. Osha trekta kwa maji ya moto na sabuni nyingi, suuza mpaka povu liishe. Likikauka, lifute kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, ukitumia kitambaa kipya cha pamba ambacho hakijawahi kuona mafuta, ukikigeuza upande kila kinapochafuka, kisha kausha kwa kingine. Fanyia hapo nje penye hewa, mbali na jiko lako, na funika pua. Kisha nyunyiza maji kwenye boneti: yakitanda sawasawa, pamekuwa safi, yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia. Halafu msasa mwepesi, vumbi lifutwe kwa kitambaa kisafi, na chuma kilichobaki wazi kipate rangi ya msingi kwanza. Koroga kopo mpaka chini. Paka nyembamba, kivulini, jua likiwa limepoa. Soma kwenye kopo muda wa kungoja kabla ya mkono wa pili wa rangi, na ukijisikia kuharakisha, nenda kapike.

Kwa kuwa rangi haingoji gazeti, nilikupigia simu kwa namba uliyoiandika barua yako ilipofika, nikakwambia ujaribu kwenye madigadi moja tu, lile bati la juu ya gurudumu. Siku chache baadaye ukanipigia wewe. Hukusalimia hata. Ulisema, "Shangazi, rangi imelala," kisha nikasikia mtu nyuma yako akisema, "Mama, acha kuishikashika, utaiachia vidole." Nilicheka peke yangu ofisini. Ule ndio ushahidi wako, mwanangu. Kama mume wako angekuwa amekataa, angekataa na madigadi.

Shemeji yako mwambie hivi kwa heshima yote: makubaliano ni makubaliano, na trekta litapendeza. Akija tena na mikono nyuma, mpe msasa aushike mbele, madigadi ya pili inamngoja. Binti yako naye arudi kwenye usukani kabla mvua hazijaanza, maana kiti alichofundishiwa na baba yake hakuna wa kumkataza kukikalia.

Limebaki lile ambalo hukuniuliza, ila nililisikia. Unaogopa nitakwambia ukitupe kile kitambaa. Usikitupe. Kiweke tu mbali na rangi, na mbali na moto. Plau inayovutwa nyuma ya trekta haipakwi rangi pale inapokata udongo, na chuma chake kikishatoka udongoni hushika kutu upesi kisipotiwa mafuta. Jioni binti yako akirudi shambani, mwache anawe mikono, wewe chukua kitambaa, kichovye kwenye dizeli, ukapanguse plau mpaka ing'ae. Kazi yako ya jioni ipo palepale. Imesogea nyuma kidogo tu.