Chama Kinachompigia Mama

Bonga, Babati

Kwa kaka yangu Xavery,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Morogoro. Huku mahindi yamestawi na mimi mzima, ila nyumba haina amani. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kuta zetu ni nyembamba na mama anasikia hata tusichosema.

Kuna chama cha kusaidiana mazishi nilichojiunga nacho mwaka jana kule mjini, nikajitoa baada ya miezi michache. Kujitoa kwenyewe ndiko kulikowatia kiherehere. Asubuhi ujumbe, mchana simu, wananiuliza kama nimejiandaa kwa safari ya mwisho. Niliwatukana, nikaifungia namba yao, wakaja na nyingine.

Tangu Pasaka wamehamia kwa mama. Anayempigia ni binti aitwaye Rose, ana sauti laini, na kila siku huanza kwa kumwamkia shikamoo. Unamjua mama: mtu akishamwamkia, hawezi kumkatia simu. Rose humuuliza presha inaendeleaje, kisha humwambia nafasi yake bado ipo, asichelewe. Siku hizi mama anaoga mapema na kukaa na simu mapajani. Mimi nikiishika kidogo tu ananigombeza, eti nitamkosesha Rose.

Kaka, mama ameamini kwamba anaitwa. Kuku wake wote amewagawa, vitenge amempa jirani yetu Mama Damasi, na wiki ya pili hii hamezi dawa za presha. Nilipomwambia ni biashara tu, alinicheka kwa huruma, akaniuliza wageni wangejuaje jina lake la ubatizo na ugonjwa wake kama si Mungu aliyewaonyesha.

Aliyewaonyesha ni mimi. Walisema wataniacha nikiwapa mtu mwingine, mzee hasa, nami kwa kuchoka nikawapa namba yake, jina lake na habari za presha. Nimenyamaza kwa sababu nikisema, atajua mwanawe wa kumzaa ndiye aliyempeleka kwa watu wa mazishi. Naogopa hilo litamuua, na kunyamaza nako naona kunamuua. Njoo upesi tumwambie pamoja, peke yangu siwezi.

Nisalimie wifi na watoto. Mama yuko hapo nje, amejua kwamba nakuandikia. Anakusalimu sana, na ameniagiza nikwambie uje na suti yako nyeusi.

Ni mimi mdogo wako,
Kandida