Bibi, Nimempata Mtu Wako wa Dirishani

Bibi, shikamoo. Usiponiitikia nitajua umenuna, na nitaendelea vilevile. Mdomo wangu unaujua.

Kwanza habari za huku. Kihonda kuna stesheni mpya, kubwa mpaka ungeuliza ni kanisa la nani. Napanda treni pale alfajiri kwenda kazini Dar, na jioni nimesharudi, nakula ugali wa Mama. Inakwenda kwa umeme. Lakini madirisha hayafunguki, Bibi! Ungeuza vipi? Ungegonga kioo na chane ya ndizi mkononi, abiria anakutazama tu, halafu huyoo, kaenda.

Ndipo nikaanza kuiwaza stesheni yetu ya zamani kule mjini, ile ya Mjerumani. Nani aliwaanzishia akina mama wa Matombo kushuka mlimani na ndizi na machenza mpaka pale? Ulisema bibi yako naye aliuza palepale, treni zikisimama kunywa maji. Nilidhani unanidanganya. Nimeulizia, kumbe kweli, zile za moshi zilijazwa maji kwanza ndipo ziondoke.

Ila nilichotaka kujua hasa ni yule mtu. Unamjua ninayemsema. Mhudumu wa behewa, treni ya kutoka Tabora, alikuwa anachungulia dirishani kabla haijasimama. Chane nzuri kuliko zote uliifunga kwenye kitambaa, haiuzwi, ni yake, bure. Na matusi juu: "Hujafa tu, mbeba mizigo wewe!" Naye anakurudishia mabaya zaidi. Nikiuliza, unanifinya. Uliniita mume wako tangu nazaliwa. Hivi mume hana haki ya kujua nani anakula ndizi za nyumba yake?

Mimi nilidhani mnagombana. Mama alidhani mnapendana.

Ndiyo, Bibi. Maneno aliyapata kwa wachuuzi wenzako, yakamkaa kifuani miaka yote. Tulipokuzika hakulia. Baada ya hapo akawa kimya, hata jina lako halitaji. Nilipomwambia nataka kumtafuta yule mtu, akanijibu, "Funika kombe mwanaharamu apite." Niliogopa, sikufichi. Je, nikikuta babu si babu? Lakini kumwona Mama vile kulinishinda.

Nikaenda stesheni ya zamani. Mama Zuhura, yule jirani yako wa kuuza machungwa, bado anakuja siku za treni. Akanicheka. "Mzee Maganga? Alishastaafu. Yuko hukohuko kwenu Kihonda, nyuma ya stesheni yenu ya vioo." Mungu wangu! Kila asubuhi nilikuwa napita karibu na mlango wake.

Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamwambia umetutoka. Akainuka na fimbo yake. "Mmemzika? Mtumwa wangu mmemzika bila mimi? Nani kawaruhusu?" Nikaanza kurudi kinyumenyume. Mkewe akatoka jikoni, kanga usoni, analia huku anacheka. "Usiogope, mjukuu wangu. Huyu Mnyamwezi, yule Mluguru. Ni watani hawa."

Watani! Kumbe ndiyo maana! Mtani hanunui, anachukua. Sisi wa mjini utani tunaoujua ni wa mpira. Hatukujua kwamba maiti yako ilikuwa na mwenyewe, na kwamba mtani asipokuja kufanya fujo, msiba unabaki mioyoni mwa watu.

Jumamosi, Mama akiwa ametangulia kwa wajomba, nikapanda Matombo na Mzee Maganga. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kaburini kwako, akajilaza pembeni. "Sogea huko! Umekufa hata hukuaga, mchoyo we! Siondoki mpaka nipewe jogoo!" Wajomba wakaangua kicheko. Mama akatoka nyuma ya nyumba na mwiko mkononi, akamtazama yule mzee mzima anavyogaagaa kwenye udongo. Nikamwambia, "Mama, ni mtani wake." Akaushusha mwiko. Kisha akacheka, Bibi. Alicheka mpaka akakaa chini, na kilio kikaja papo hapo, kile alichokunyima siku tuliyokuzika. Akakuita kwa sauti, kama mtoto. Mzee Maganga akavua kofia, akamsubiri amalize. Baadaye Mama alimkimbiza jogoo yeye mwenyewe.

Njiani kurudi, mzee aligeuka mara kwa mara kuutazama mlima. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Nilijua yeye ndiye atakayekuja kuniharibia msiba wangu. Sasa nani atanitukana?"

Nikamwambia nipo.

Basi, Bibi, kwaheri, lala salama, mengine niachie mimi mumeo. Siku yake ikifika, iwe Kihonda, iwe Tabora, sitakubali azikwe kwa ustaarabu. Nitaingia kaburini kabla yake, na hakuna atakayenitoa mpaka watoto wake wacheke.