Fomu ya Abasi Kobelo na Barua ya Mtani Wake

UMOJA WA MAFUNDI UJENZI BIGWA (UMABI)
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Ijumaa, 16 Mei 2025
Mahali: Bigwa, kwenye pagala la Mwenyekiti (chumba chenye kivuli)
Muda wa kuanza: Saa 7:50 mchana, baada ya watu kutoka msikitini

Waliohudhuria:
1. Mzee Hafidhi Banzi – Mwenyekiti
2. Sabra Mponda – Katibu
3. Abasi Kobelo – Mjumbe, fundi mwashi, mwenye fomu
4. Said Kunambi – Mjumbe, fundi paa
5. Shamsia Lusewa – Mjumbe, fundi rangi
6. Mwalimu Modesta – Mjumbe asiye fundi, kwa mujibu wa katiba yetu

Mwalikwa: Bonifasi Lukali, mkulima wa Mgeta (alifika saa 8:35)

Asiyehudhuria: Amosi, Mjumbe. Udhuru: alipiga simu akiwa juu ya nyumba Kihonda, akasema ngazi imeondoka na mtu.

KUMB. NA. 1/UMABI/5/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe wakae kwenye matofali, akaomba radhi kwa kukosa viti. Shamsia alikumbusha kwamba radhi hiyo ina miaka minane sasa, na pagala bado halina paa upande wa pili. Mwenyekiti alisema hiyo siyo ajenda.

KUMB. NA. 2/UMABI/5/2025: KWA NINI TUMEITANA HARAKA

Mwenyekiti alieleza kwamba umoja umemteua Abasi aombe leseni ya ukandarasi, ili tuweze kuomba kazi ya kujenga wodi ya wazazi kwenye zahanati kule Mgeta. Bila mwenye leseni, mafundi wote kumi na moja tutaitazama hiyo kazi ikipita kama lori la karoti. Fomu ya leseni ina sehemu ya mwenendo na historia ya mwombaji, na mwisho wa kuipokea ni leo saa kumi kamili jioni, ofisini mjini.

Katibu alifafanua kuwa fomu inadai barua ya shahidi wa mwenendo. Awe anamfahamu mwombaji miaka kumi au zaidi na asiwe ndugu yake. Abasi alisema hapo ndipo alipokwama, maana mlimani kwao kila anayemjua miaka kumi ni ndugu yake, kwa mama au kwa mke. Aliyebaki ni mmoja tu, Bonifasi Lukali. Barua ililetwa jana na lori la mboga, imefungwa kwa gundi na, juu ya gundi, kwa uzi.

KUMB. NA. 3/UMABI/5/2025: BARUA YAFUNGULIWA

Mwenyekiti aliagiza barua isomwe kwa sauti kabla ya kuambatanishwa. Katibu aliisoma kama ilivyo:

"Mimi Bonifasi Lukali namjua Abasi Kobelo tangu hajajua kupenga kamasi. Ni mwizi. Ana roho mbaya. Ukiuona uso wake asubuhi maziwa yanaganda. Kuta zake zina matundu kama chujio la chai, panya wanapita bila kuinama. Alishalala mahabusu. Mkimpa leseni mtafutieni na wa kumsomea. Nimeandika nikiwa na akili timamu kuliko yeye."

Kikao kilicheka kwa muda mrefu. Mwenyekiti alishindwa kuendelea, akafuta macho kwa kofia. Abasi mwenyewe alicheka, ila Katibu aliona aliacha kucheka kabla ya wenzake.

Mwalimu Modesta hakucheka kabisa. Alisema yeye ametoka Bukoba, ana miaka mitatu hapa, na bado haelewi. Barua inasema mwombaji ni mwizi na watu wazima wanashikana mbavu?

Mwenyekiti alimweleza kwamba ukoo wa Lukali na ukoo wa Kobelo ni watani toka enzi za mababu. Siku Abasi anaoa, Bonifasi alikalia kiti cha bibi harusi na hakunyanyuka mpaka alipopewa sahani nzima ya nyama. Mtani hakusifii. Akikusifia, ujue unaumwa na hujaambiwa.

Mwalimu alijibu: "Nimekuelewa, Mzee wangu. Lakini fomu haina kisanduku cha utani."

Katibu aliigeuza fomu pande zote mbili, na ni kweli haina.

Said alisema yeye tangu mwanzo alishauri ateuliwe mtu mwenye historia safi. Akaongeza kuwa hamtaji mtu, ila yeye mwenyewe fomu yake isingekuwa na doa hata moja. Shamsia alisema isingekuwa na doa kwa sababu Said hajawahi kujenga kitu kikubwa cha kutosha kuanguka. Said aliomba maneno hayo yafutwe. Mwenyekiti alikataa, akisema Katibu ameshaandika na kalamu ni ya wino.

Ilikubaliwa Bonifasi apigiwe simu. Alikuwa sokoni mjini anashusha kabichi, akasema anakuja.

KUMB. NA. 4/UMABI/5/2025: MSTARI KWA MSTARI

Mwalimu Modesta alipendekeza Abasi aulizwe barua yote, mstari kwa mstari, aseme upi utani na upi kweli. Katibu aliuliza.

Mwizi? "Utani."

Roho mbaya? "Utani." (Shamsia aliomba iandikwe kwamba yeye ana mashaka, Abasi alimnyima brashi mwezi wa tatu.)

Uso na maziwa? Abasi alisema hilo aulizwe mkewe.

Matundu? "Kweli."

Mahabusu? Abasi aliomba maji ya kunywa. Katibu alimpa chupa yake. Akanywa yote, akaanza kuipindapinda.

Ikumbukwe kwamba swali la saba kwenye fomu linauliza: "Je, umewahi kushikiliwa na polisi kwa sababu yoyote?" na Abasi aliweka tiki kwenye HAPANA. Katibu alikuwepo akiweka.

Abasi alieleza kwamba mwaka 2016 alijenga ukuta wa kuzuia udongo kule Mgeta, chini ya barabara, jirani kabisa na hiyo zahanati. Hakuacha matundu ya kutolea maji. Alikuwa na haraka, na aliona matundu yanaharibu sura ya ukuta. Mvua za Aprili zikaja, maji yakajaa nyuma, ukuta ukalala juu ya lori lililopaki limejaa kabichi. Hakuna aliyeumia, dereva alikuwa anakunywa chai. Mwenye lori alimpeleka polisi, akakaa mahabusu siku mbili mpaka wakapatana. Tangu siku hiyo hajapanda tena Mgeta kufanya kazi ya malipo, na tangu siku hiyo kila ukuta wake wa kuzuia udongo una matundu mengi kuliko inavyohitajika.

"Mnanicheka matundu," alisema. "Chekeni tu. Mimi nayahesabu."



Bonifasi aliingia wakati huo, ana karoti mkononi. Alimwamkia Mwenyekiti shikamoo, akamgeukia Abasi: "We kiumbe bado unapumua?" Kisha akavuta tofali, akakaa.

Mwenyekiti alimuuliza kwa nini ameandika habari za mahabusu. Bonifasi alisema: "Mzee, nilijua mtacheka yote. Hilo nililitia katikati ya mengine ili lipite nayo." Alipoambiwa Abasi ameweka HAPANA, alishika kichwa. "Mtani, umeandika uongo? Mgeta nzima inajua! Zile kabichi zilikuwa zangu!"

Mwalimu Modesta aliuliza kama kweli zilikuwa zake. Bonifasi alisema ndiyo, lori zima, na siku zote mbili ni yeye aliyempelekea ugali kituoni. Aliupitisha pale huku anamtukana, mpaka askari wakadhani ni wagomvi wakataka kumfukuza.

KUMB. NA. 5/UMABI/5/2025: NDIYO AU HAPANA

Mwenyekiti alitoa maoni kwamba mahabusu siyo jela, mahakamani hakufika, na kazi ni ya watu kumi na moja. Kwa hiyo fomu iende ilivyo na barua iandikwe upya.

Mwalimu alipinga. Alisema tukisaini hivyo, umoja mzima umesaini uongo, na atakayekwenda kuuliza Mgeta atajibiwa na mtu wa kwanza atakayekutana naye.

Said alinyoosha mkono. Wajumbe walijiandaa. Said alisema anashangaa kusema hivi, lakini angependa kufanya kazi chini ya mtu ambaye ukuta wake ulishawahi kuanguka na akajua kwa nini. Kisha akakaa haraka.

Mwenyekiti alimuuliza Abasi anataka nini. Abasi alisema anataka kujenga ile wodi kuliko kitu chochote, na njia ya kwenda pale inapita palepale ulipoangukia ukuta. "Nikienda na HAPANA, nitainamisha kichwa kila asubuhi. Niandikieni NDIYO. Wakininyima, wameninyima mimi mwenyewe."

Tatizo likawa moja: fomu haitakiwi kufutwafutwa, na muda ulikuwa saa 8:55. Ndipo Said alipotoa mfukoni fomu nyingine, tupu, imekunjwa mara nne. Kikao hakikumuuliza alikuwa nayo ya nini.

Katibu alijaza upya. Swali la saba: NDIYO. Kwenye nafasi ya maelezo Abasi aliandika kwa mkono wake habari yote ya ukuta, mpaka pembezoni.

Kuhusu barua, Bonifasi alikataa katakata kuandika nyingine. Kumsifia mtani ni kumdhalilisha, na akirudi nyumbani atasema nini? Baada ya kubembelezwa alikubali kuongeza sentensi moja chini, kwa sharti kwamba Abasi atoe faini ya jogoo kwa kumsababishia aibu hiyo. Aliandika mgongo ameugeuzia kikao:

"Nyumba ninayolala na wanangu alinijengea yeye, bure, baada ya ule ukuta."

AZIMIO: Fomu iende na NDIYO. Barua iende na matusi yake. Kumbukumbu hizi ziambatanishwe, ili atakayesoma ofisini ajue utani ni nini na kweli ni nini.

KUMB. NA. 6/UMABI/5/2025: KUFUNGA

Kikao kilifungwa saa 9:22 alasiri. Katibu anaandika mistari hii ya mwisho huku Shamsia ameshawasha pikipiki. Bonifasi hayupo, yuko nyuma ya nyumba ya Abasi anakimbiza jogoo.

Hafidhi Banzi, Mwenyekiti (sahihi)
Sabra Mponda, Katibu (sahihi)

KUTHIBITISHWA: Zimesomwa na kuthibitishwa katika kikao cha Ijumaa, 18 Julai 2025. Asiyehudhuria: Abasi Kobelo. Udhuru: yuko Mgeta, anachimba msingi.

Marekebisho, kwa ombi la Bonifasi Lukali lililoletwa na lori la mboga: KUMB. NA. 5, palipoandikwa "jogoo" pasomeke "jogoo mzee, mgumu kama nondo, sawasawa na mwenyewe".